UZI: Farasi wako amekaa pale f3 anafanya nini? Wacheza chesi wa Dar tuongee kuhusu kuwapanga farasi mwanzo wa gemu

#1 (Mleta uzi)

Wakuu salaam,

Nipo ndani ya mwendokasi hapa natokea Kimara naenda Kivukoni, nimesimama kama kawaida mkono mmoja kwenye bomba mkono mwingine kwenye simu, na nimetoka kupigwa gemu ya tatu mfululizo na zote tatu farasi wangu mmoja alikuwa bado kwao b1 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari, ndo jina la nyumba) hajatoka kabisa. Yaani gemu imeisha, mfalme kafa, farasi yupo stendi anasubiri gari. Nikasema hapana hii lazima niilete tuijadili, maana najua humu tupo wengi tuliotoka kwenye drafti na farasi ndo kete iliyotutesa kuliko zote.

Mimi nimekulia kijiwe cha kahawa Magomeni, drafti nilikuwa naogopwa. Nilivyohamia chesi nikajua nitatesa. Siku ya kwanza ya kucheza na mtu anayejua, kijana tu wa chuo, nikiwa na kete nyeusi, tukaenda hivi (nikitaja nyumba tupu ni askari amesogea hapo): yeye e4 mimi c6, yeye d4 mimi d5, yeye farasi c3 mimi nikala e4, yeye akala na farasi, mimi farasi d7, yeye akasogeza malkia e2 (nikacheka moyoni, nikasema huyu amemziba askofu wake mwenyewe), mimi nikatoa farasi wa pili f6 nikijiona nimesoma. Kijana akachukua farasi wake akamweka d6. Cheki na mati, gemu imeisha. Muvu ya sita! Askari wangu wa e7 hawezi kula coz malkia wa e2 anamlenga mfalme moja kwa moja, na mfalme amezungukwa na watu wake mwenyewe hana pa kukanyaga. Wazee walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hiyo laini (mpangilio wa muvu za mwanzo) ni ufunguzi wa Caro-Kann na mtego wenyewe unajulikana dunia nzima, ila mimi ndo kwanza nilikuwa naujua siku hiyo.

Tangu hapo nikaanza kumfuatilia farasi kama mpelelezi.

Kitu cha kwanza hesabu kwa kidole, usiamini maneno yangu. Farasi akiwa kona, a1 mfano, anafikia nyumba 2 tu. Akiwa h3 anafikia 4. Akiwa f3 anafikia 8, zote nane. Kwahiyo farasi yuleyule, muvu ileile moja, ukimtoa g1 kwenda h3 umenunua nusu na ukimpeleka f3 umenunua mzigo mzima.

Kitu cha pili ambacho kilinichukua mwaka mzima kukiona na hakuna aliyeniambia: farasi akisimama nyumba nyeupe anapiga nyumba nyeusi tu, akisimama nyeusi anapiga nyeupe tu. f3 ni nyeupe, kwahiyo anapiga d4 na e5. c3 ni nyeusi, anapiga d5 na e4. Ukiwatoa wote wawili, nyumba nne za katikati zote zina mlinzi na hawagombanii kazi, kila mtu na zamu yake. Ndo maana tangu enzi watu wanawatoa f3 na c3, sio mazoea tu kuna hesabu pale.

Ila sasa, na hii ndo hoja yangu ya uzi huu, watu wakishajua hiyo wanaishia hapo. f3, c3, f6, c6, kama wamekariri. Mimi nasema kabla hujamgusa farasi angalia ASKARI. Askari wa adui yupi anaweza kumfukuza pale anapoenda, na askari wako yupi anazibwa njia akikaa pale. Farasi mwenyewe sio tatizo, tatizo ni askari.

Nashuka Kivukoni, nikirudi naendelea. Mshushe nondo.

#2

Nimekaa paleee pembeni na kashata yangu.

#3

Uzi mzuri sana mkuu, mimi swali langu. Nacheza d4 kila siku halafu farasi c3 muvu ya pili, na jamaa yangu kila siku ananiambia nimekosea ila hanielezi nimekosea nini, ananiambia tu "huo sio mchezo". Si umesema c3 ni pazuri?

#4 (Mleta uzi)

#3 mkuu umeleta mfano mtamu. c3 ni pazuri, ila tazama nyuma ya farasi kuna nani. Kuna askari wa c2. Ukianza na d4, yule askari wa c ndo kazi yake kwenda c4 kumgonga askari wa adui aliyekaa d5. Ukimtanguliza farasi umemfungia askari mlango kwa ndani, hatoki tena mpaka farasi ahame. Ndo maana wenye gambiti (kutoa askari sadaka mwanzoni) ya malkia wanacheza d4, kisha c4, HALAFU farasi c3. Askari anapita kwanza farasi anafuata.

Na wale wa ufunguzi wa London, sijui kama unaicheza, wao wanampeleka farasi wa b1 pale d2, coz askari wa c anakaa c3 kumshika mkono askari wa d4. Farasi akiwa d2 anaonekana kama amejificha lakini anamsaidia ndugu yake wa f3, ndugu akiruka e5 yeye anapanda f3 kuchukua nafasi. Pale e5 askofu wa f4 na askari wa d4 wote wanamshika, mzuri sana.

Hiyohiyo ipo upande wa mfalme. Ukicheza na mtu wa Sicilian (mweusi anajibu e4 kwa c5) na unataka askari wako wa f aende f4 kushambulia, basi mpeleke f4 kwanza ndo farasi akae f3. Ukigeuza umejifungia.

#5

Mkuu #4 sikatai ila usimtishe #3. Kuna laini ya d4, farasi c3 na askofu f4 inaitwa Jobava, ya yule grandimasta wa Georgia, na inachezwa na watu wazito. Pale farasi wa c3 anatishia kuruka b5 kwenda kula c7. Mimi naitumia kwenye blitzi (gemu za dakika chache) na nakula watu vizuri tu.

#6 (Mleta uzi)

#5 uko sahihi kabisa, ila angalia ulichoandika mwenyewe: farasi wa Jobava anaenda c3 akiwa na SAFARI, anaitaka b5. Mwenye kuicheza amekubali kwamba askari wa c atalala, amelipia bei. #3 yeye alikuwa hajui kuna bei.

#7

Mimi mwalimu aliyenifundisha alikuwa na sheria moja: farasi watoke kabla ya maaskofu. Ni kweli au ni ya kizamani?

#8 (Mleta uzi)

Ni ya kizamani NA ni ya kweli. Lasker, yule aliyeshika ubingwa wa dunia kuanzia 1894 mpaka 1921, alikuwa anaisema hiyo. Sababu yake ni rahisi. Farasi mwanzoni hana maamuzi mengi, asilimia kubwa ya gemu unajua atatokea f3, sasa unasubiri nini. Askofu yeye bado hujui kama unamtaka c4, b5, e2 au g2, inategemea adui amefanya nini, na hata akikaa nyumbani njia ikiwa wazi anaona mpaka mwisho wa ubao. Farasi akikaa nyumbani haoni kitu, lazima asogee ndo awe mtu. Farasi ni wa kuunganisha magari, hana moja kwa moja.

Ila sheria hii usiishike kama nauli ya mwisho mfukoni. Kuna siku askofu anatangulia na hakuna anayekufa.

#9

Wadau ngoja niwape ya ufunguzi wa Petrov mimi, maana imenilia malkia mara nne kabla sijajifunza (ndio, nne, mnicheke tu). Mweupe e4, mimi e5. Farasi f3, mimi namuiga farasi f6. Anakula e5 na farasi, mimi kwa tamaa nakula e4 na farasi. Anasogeza malkia e2 kumlenga farasi wangu. Mimi naogopa namrudisha f6. Farasi wake anaruka c6, malkia anampa mfalme wangu cheki ya kufunuliwa (farasi kapisha njia) na farasi mwenyewe ananyemelea malkia wangu pale d8. Kwaheri malkia.

Dawa yake ni kwamba akishakula e5 unasogeza d6 kwanza umfukuze, ndo ule e4. Muvu moja tu inakuokoa.

#10

Huyo #9 ananikumbusha mimi na ile gambiti ya shilingi. Pale kijiweni kwetu Mwenge kuna mzee mmoja ndo riziki yake. e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, halafu mzee anasogeza farasi d4, anakohoa, anajifanya amekosea na anakusukumia askari wa e5 kwa macho. Mgeni anakula e5 na farasi. Mzee malkia g5. Mgeni anakula f7 anafurahi anapiga malkia na ngome kwa pamoja. Mzee malkia anakula g2, ngome inakimbia f1, malkia anakula e4 cheki, askofu anarudi e2 kuziba, farasi wa mzee f3, mati. Askofu hawezi kula coz amebanwa na malkia. Mgeni analipa kahawa za watu wote.

#11 (Mleta uzi)

#10 hahaha huyo mzee namjua sura, wapo kila kijiwe. Ila ona sasa, mzee amevunja sheria ya kutomsogeza farasi mara mbili mwanzoni, na kichesi amekosea kweli. Mgeni angekula tu farasi wa d4 na farasi wake, mzee anarudisha kwa askari, mweupe anafanya kaslingi (mfalme na ngome wanapishana kwa muvu moja) na yuko vizuri kuliko mzee. Tamaa ya e5 ndo inaua. Kwahiyo mtu akikuletea farasi d4 mapema hivyo usiangalie amekuachia nini, mchinje farasi kwanza.

#12

Mimi nataka kupinga. Mnasema farasi pembeni mbaya pembeni mbaya. Fischer 1972 kule Reykjavik kwenye mechi ya ubingwa wa dunia, gemu ya tatu dhidi ya Spassky aliweka farasi h5 tena akaruhusu askofu amle na askari wake wakaharibika pale upande wa mfalme, na AKASHINDA. Alikuwa nyuma mbili bila, moja kapigwa moja hakutokea ukumbini, na gemu hiyo ndo mara ya kwanza maishani kumfunga Spassky. Sasa mbona nyie mnatutisha na pembeni?

#13 (Mleta uzi)

#12 nilikuwa nasubiri mtu alete hiyo, kula tano.

Ule msemo wa farasi wa pembeni ni aibu unahusishwa na Tarrasch, daktari wa Kijerumani aliyekuwa mkali sana zama zake, na kwa Kijerumani una vina kabisa ndo maana umeshika. Lakini msemo ni msemo. Fischer alimweka h5 kwa kazi, akamwambia Spassky kula, ukila unanipa askofu wako mzuri wa nyumba nyeupe na faili (safu ya wima) ya g imefunguka ngome yangu ipite. Bei na bidhaa.

Ila kwa watu wa saizi yetu mfano mzuri zaidi wa pembeni uko kwenye ufunguzi tunaoucheza kila siku. e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, halafu mweupe farasi g5 analenga f7. Mweusi d5 kuziba, mweupe anakula d5. Sasa hapa asilimia tisini ya kijiwe inakula d5 na farasi, kwa sababu farasi katikati ni mzuri si ndio? Mweupe anachinja farasi f7, mfalme anakula, malkia f3 cheki, mfalme lazima apande e6 kumlinda farasi wake wa d5, farasi c3, na kuanzia hapo mfalme wako anatembea barabarani bila viatu. Waitaliano wanaiita Fegatello, ni mambo ya ini, na kweli unakaangwa kama maini ya asubuhi na chapati.

Muvu iliyozoeleka ni ipi? Farasi A5. Pembeni kabisa! Anampiga askofu wa c4, askofu anapiga cheki b5, mweusi c6, mweupe anakula, mweusi anakula, askofu anarudi e2, mweusi h6 anamfukuza farasi wa g5, anarudi f3, mweusi e4 anamfukuza TENA. Mweusi ametoa askari mmoja lakini tazama nani anakimbizwa. Farasi wa mweupe anahama kila muvu kama mpangaji wa miezi miwili.

Ubaya wake, na hapa mimi nimepoteza gemu kadhaa, ni kwamba ule moto ukipoa farasi wako bado yupo a5 na hana kazi. Ukimsahau pale umerudi kwa Tarrasch. Lazima uwe na mpango wa kumrudisha b7 au c4 mapema.

#14

Nimeelewa kitu leo. Kumbe kumfukuza farasi nako sio bure.

#15 (Mleta uzi)

#14 hapo hapo. Askari harudi nyuma. Kuna ufunguzi mzima umejengwa juu ya hilo, wa Alekhine, aliucheza Budapest 1921. Mweupe e4, mweusi farasi f6 moja kwa moja. e5, farasi d5. c4, farasi b6. Mweusi anamsogeza farasi yuleyule muvu tatu na unaona kama mjinga, lakini askari wa mweupe wamesambaa huko mbele wanahitaji ulinzi, na mweusi anaanza kuwavuta mmoja mmoja na d6. Mimi siuchezi, sina moyo huo, napenda farasi wangu atulie. Ila ukikutana nao usikimbize kila kitu kama mgambo na machinga, simama na d4 na farasi f3 tu uendelee na maisha.

#16

Nyie bado mpo kwenye kutoka nyumbani. Mbona wakubwa wanarudisha farasi nyumbani? Nimeona gemu moja ya ufunguzi wa Ruy Lopez mweusi muvu ya tisa anatoa farasi c6 anamrudisha b8. Nikajua simu imegoma.

#17

#16 hiyo ni laini ya Breyer, Spassky mwenyewe aliipenda. Simu yako nzima kabisa. Farasi akiwa c6 anamziba askari wa c, mweusi anataka c5. Akirudi b8 halafu d7 anamshika askari wa e5, anaacha njia ya askofu wa b7, na askari wa c yupo huru. Anaweza kwa sababu katikati kumefungwa, hakuna anayemkimbilia, mweupe naye ana safari zake: farasi b1, d2, f1, g3. Muvu tatu kumtafutia mtu mmoja makazi, mpaka ngome ihame kwanza f1 iwe wazi. Ni kama mtu wa Mbagala anaenda Mbezi, anaunganisha. Kukiwa kumefunguka ukifanya hivyo unapigwa mati kabla hujafika.

#18 (Mleta uzi)

#17 asante umenipunguzia kazi. Na anakotaka kufika yule wa g3 ni f5. Ni nyumba ambayo askari wa g wa mweusi akitaka kumfukuza lazima ampasue mfalme wake mwenyewe.

Na hapa ndo napenda kuliko pote: nyumba ambayo hakuna askari wa kukufukuza. Kasparov dhidi ya Karpov, Moscow 1985, gemu ya 16, Kasparov na nyeusi akamweka farasi d3, ndani kabisa ya nyumba ya Karpov, kwenye muvu ya 16. Karpov hakuwa na askari wa kumtoa. Ngome zake na farasi wake wakakosa pa kusogea, wamekaa tu wanatazamana. Wazungu wakamwita farasi pweza, na sisi watu wa pwani hiyo haihitaji maelezo, mikono minane nyumba nane. Mwaka huohuo akachukua ubingwa akiwa na miaka 22.

Kwetu sisi pweza mdogo anapatikana d5, hasa adui akicheza Sicilian halafu akasogeza e5 na askari wake wa c kaisha ondoka. Pale d5 hana tena askari wa kukufukuza. Ukiona hivyo acha kila kitu, anza kumtafutia farasi nauli.

#19

Mazoezi unafanyaje mkuu? Sisi wengine bando ni la kuungaunga.

#20 (Mleta uzi)

Lichess (tovuti ya chesi) ni bure, haina matangazo, kila gemu ukimaliza unairudia mwenyewe. Mimi nikirudia siwashi engini (programu ya kuchambua gemu) kwanza. Naangalia muvu ya kumi tu, nasimamisha, najiuliza farasi wangu wawili wako wapi na askari gani anaweza kuwagusa. Basi. Kama mmoja bado yupo b1 najua nilipigwa kwa nini, siulizi engini. Bila bando chukua ubao, weka farasi a1 peke yake, mpeleke kona ya pili h8 kwa muvu chache, ni sita, jaribu. Mtoto wangu wa darasa la nne alinishinda kwenye hilo na sitaki kuliongelea.

#21

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimesoma uzi jana usiku, leo asubuhi nimemfuata jirani anacheza Caro-Kann, nikamtegea ule mtego wa mleta uzi. Nimefika mpaka malkia e2. Jamaa badala ya kutoa farasi f6 akasogeza e6 tu, akaendelea kunywa chai. Sasa malkia wangu amekaa pale amemziba askofu wangu wa f1 na gemu imesimama, jirani ameenda kuoga anarudi sasa hivi. NAFANYAJE

#22 (Mleta uzi)

Tulia. Farasi f3, halafu askari g3, askofu g2, kaslingi, hujapoteza kitu zaidi ya aibu. Usimrudishe malkia d1 atajua ulikuwa unamtegea.

#23

Nimeshamrudisha.